Kung'arisha upya vepu, kiko na bakora za mbao: maswali tunayoulizwa kila wiki

Karakana yetu ni ndogo, iko Mbeya, na kinachotulisha bado ni milango na makabati. Lakini pale dirishani kuna trei moja ya vitu vidogo: bakora za wazee, mipini ya visu, kiko kimoja kimoja, na miaka hii ya karibuni vepu, yaani sigara za umeme, zenye ganda la mbao ambazo vijana huletewa kutoka nje. Kitu kinachoshikwa mkononi kutwa hakiishi kama kabati, kwa hiyo hata majibu ya kabati hayakifai. Tumeyaweka hapa maswali yanayojirudia, mengine kama yalivyoulizwa.

## Kabla hujagusa msasa

1. Vepu yangu ina mwaka mmoja tu. Mbona mbao imeshafifia?

Mara nyingi haijafifia, imechafuka. Huku kwetu Juni hadi Agosti ni baridi, na watu wanapaka mikono mafuta ya mgando asubuhi na jioni ili ngozi isipasuke. Mafuta hayo yanahamia kwenye mbao, yanachanganyika na jasho na vumbi la kiangazi, na yanatengeneza utando wa kijivu unaoua mng'ao wote.

Anza na maji ya uvuguvugu yenye tone moja la sabuni ya vyombo. Chovya kitambaa cha pamba, kikamue mpaka kibaki na unyevu tu, futa, halafu fuata na kitambaa kikavu hapo hapo. Kijana mmoja alikuja kutoka Vwawa akitaka tubandue kila kitu tuanze upya. Nilifuta upande mmoja huku yeye anakunywa chai, nikamrudishia alinganishe na upande wa pili. Hakulipa chochote, na hatukuwa na sababu ya kumdai.

Kwa vepu, soma kwanza swali la 11 kuhusu betri.

2. Nitajuaje kilichopakwa kiwandani ni nini?

Hili ndilo swali lenyewe, na wanaoliuliza ni wachache kuliko tunavyotamani. Kazi nyingi zinazoharibika zinaharibikia hapa, mtu anapopaka kitu juu ya kitu asichokijua.

Tafuta sehemu iliyojificha, mfano ndani ya kifuniko cha betri au chini ya pete ya bakora. Weka tone la maji. Likinyonywa ndani ya dakika chache na kuacha doa jeusi-jeusi, mbao ni tupu au ilipakwa mafuta tu na yamekwisha. Likibaki limesimama, chukua pamba ya masikio, iguse kwenye spiriti, uibonyeze mahali pale kwa sekunde kumi. Uso ukinata, hiyo ni sheleki, ile ya magamba inayoyeyushwa kwa spiriti. Usiponata, rudia kwa tina, ile ya kuchanganyia rangi. Ukilainika kwa tina, ni laka. Ukigoma vyote viwili, una vanishi ya poliyurethani au ile ya kuchanganya na hadina, ambayo haiyeyuki kwa hivyo viwili, na sisi huiondoa kwa msasa.

Tone dogo, mahali pasipoonekana. Tina ina nguvu kuliko watu wanavyodhani, na plastiki iliyo karibu nayo inayeyuka pia.

3. Je, aina ya mbao inabadilisha kazi?

Inabadilisha sana. Mninga ni mpole, unapokea mafuta, nta, vanishi, chochote. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama kwenye maji, na una utomvu wake wa asili unaozuia mafuta ya kupaka yasikauke. Huo unautendea haki kwa msasa laini na nta, basi. Paina ya Sao Hill ni laini na inanyonya kwa mabaka, sehemu nyingi na sehemu kidogo, kwa hiyo ipake tabaka jembamba la sheleki kwanza ndipo uendelee.

Mkurungu ndio ulionifundisha adabu. Mzee mmoja wa Tukuyu aliniachia bakora ya mkurungu yenye pete ya mfupa mweupe chini ya mshikio. Nilipofuta kwa spiriti ili kutoa uchafu, wekundu wa mbao ulitoka kama chai ya rangi ukatiririka hadi kwenye mfupa. Pete ikawa ya waridi. Nilikaa nayo siku mbili nikiikwangua kwa wembe, na mpaka leo ukiitazama kwa karibu kuna mstari ambao sikuutoa. Kwa mbao nyekundu, ziba kwanza kwa utepe wa karatasi wenye gundi kila kitu cheupe kilicho jirani, au achana na spiriti kabisa.

## Kazi yenyewe

4. Nitumie msasa namba ngapi?

Kwa kusugua tu kabla ya kuongeza tabaka: 400. Kwa kuondoa vanishi iliyobanduka: anza 180, kisha 240, 320, 400, bila kuruka namba, kwa sababu mikwaruzo ya 180 haifutwi na 400, inafichwa tu mpaka siku utakapopaka mafuta ikajitokeza yote. Mpingo unaweza kuupeleka hadi 1000 na zaidi, nao unaanza kung'aa wenyewe kabla hujapaka lolote.

Fuata nyuzi za mbao. Kwenye kitu kidogo usikunje msasa kidoleni, maana kidole kinachimba. Uzungushie kipande cha raba ya kufutia penseli. Na kama uko kijijini na duka liko mbali, majani ya mti wa msasa wenyewe, yale makavu yanayokwaruza, bado yanafanya kazi ya mwisho vizuri. Jina la karatasi lilitoka huko.

5. Naweza kupaka mafuta ya alizeti? Au ya parachichi, kwetu yamejaa?

Hapana, na tunajua linauma, hasa kwa watu wa Rungwe na Njombe.

Kuna mafuta yanayokauka na yasiyokauka. Yanayokauka hushika oksijeni ya hewani yakageuka kuwa ngozi ngumu ndani ya mbao. Linsidi, yaani mafuta ya mbegu za kitani, ni ya kundi hilo. Parachichi, nazi na zeituni hayakauki kamwe. Alizeti yako katikati: yanakauka nusunusu, yanabaki yananata na kushika vumbi, na baada ya miezi michache yananuka kama kikaango cha juzi. Kitu unachokiweka karibu na pua hakitakiwi kuwa hivyo.

Mafuta ya mgando yanaingia kapu hilo hilo. Yanang'aa siku ya kwanza tu.

6. Linsidi inapakwaje?

Kidogo. Matone matatu manne kwenye kitambaa yanatosha vepu nzima. Sugua, acha dakika 15, kisha futa yote kana kwamba ulikosea kupaka. Kinachobaki juu ndicho kitakachonata. Subiri, rudia. Matabaka matatu ni kazi nzuri. Matano ni kazi ya mtu mwenye muda.

Linsidi mbichi inachukua siku nyingi kukauka, hata wiki. Inayoitwa iliyochemshwa imetiwa dawa za kukausha zenye madini, inakauka kwa takriban siku moja penye joto, lakini usiipake sehemu inayogusa mdomo. Ukinunua kwa kupimiwa, paka kidogo kwenye kipande cha mbao kwanza. Tuliwahi kuuziwa lita nzima ambayo baada ya wiki mbili ilikuwa bado majimaji. Kilichokuwemo humo anajua aliyetuuzia.

7. Kwa nini mnasisitiza sana matambara?

Kwa sababu yanaunguza nyumba. Linsidi haikauki kwa kupoteza maji, inakauka kwa kuvuta oksijeni, na wakati huo inatoa joto. Kitambaa kilichotandazwa kinapoteza joto hilo hewani. Kilichofinyangwa na kutupwa pembeni kinalitunza, joto linazidi, na kinaweza kuwaka bila kiberiti wala cheche.

Sisi tulijifunza kwa harufu. Jioni moja tulitupa matambara matatu kwenye boksi la misumari tukaenda kunawa. Nilirudi kuchukua simu nikasikia harufu kama ya karanga zinazoungua. Boksi lilikuwa la moto kiasi cha kutoshikika, na moshi mwembamba ulikuwa umeanza kutoka katikati ya kitambaa. Baridi ya Mbeya haikusaidia kitu, maana joto linatoka ndani.

Tandaza kitambaa kwenye kamba nje, kimoja kimoja, mpaka kikauke kama kadibodi. Au kiloweke kwenye ndoo ya maji. Hakuna njia ya tatu.

8. Nta ya nyuki naitengenezaje?

Sehemu moja ya nta safi kwa sehemu tatu za tapentaini. Weka nta kwenye kopo, kopo kwenye sufuria ya maji ya moto. Inayeyuka ikifika nyuzi 62 hadi 64 tu, kwa hiyo maji hayana haja ya kutokota. Ondoa sufuria jikoni, ipeleke mbali na moto, ndipo umimine tapentaini na kukoroga. Tapentaini karibu na jiko la mkaa ni shida nyingine ya aina ya swali la 7.

Ikipoa inakuwa kama siagi. Paka nyembamba, acha nusu saa, sugua kwa kitambaa cha sufu au soksi kuukuu. Nta ni mwisho wa safari: ukishapaka, vanishi haitashika juu yake mpaka uiondoe yote. Kwa kitu cha mkononi irudie kila baada ya miezi miwili mitatu.

9. Kwa nini nisipige vanishi tu, nimalize?

Unaweza, ila vanishi ni ngozi juu ya mbao, na ngozi hiyo ikitoboka mahali pamoja maji yanapita chini yake na kuinyanyua. Kwenye kabati hilo linachukua miaka. Kwenye kitu kinachokaa mfukoni pamoja na funguo ni wiki chache. Na kuirekebisha sehemu moja hakuwezekani bila kuonekana, wakati mafuta na nta unaongezea mahali palipochakaa tu.

10. Nimepaka wiki nzima imepita, bado inanata (au imekuwa nyeupe).

Ni vitu viwili. Kunata ni mafuta kuzidi, au baridi. Chini ya nyuzi 10 ukaukaji unakwenda kwa kujikokota, na usiku wa Julai huku hali hiyo ni ya kawaida. Futa kwa kitambaa chenye tapentaini kidogo, kisha weka kitu ndani penye hewa na joto la kadiri. Usikiegeshe kando ya jiko. Kila mwaka kuna anayefanya hivyo, na kila mwaka tunaona mapovu yale yale.

Weupe kama ukungu kwenye sheleki au laka ni unyevu ulionaswa wakati wa kupaka, jambo la kila siku ukipaka Tukuyu mvua ikinyesha. Subiri siku yenye jua, pitisha kitambaa chenye spiriti kidogo sana (kwa sheleki) mara moja, kwa wepesi, kama unafuta machozi ya mtoto. Mara nyingi weupe unaondoka.

## Vepu

11. Lazima nitoe betri?

Lazima. Nyingi zinatumia betri za lithiamu za ukubwa wa 18650, na betri ya namna hiyo ikigusanishwa pande mbili kwa chuma inaweza kupasuka kwa moto. Toa betri, toa tangi, ziba tundu la skrubu ya tangi na matundu ya hewa kwa utepe wa karatasi. Mafuta yakifika kwenye miguso ya umeme, kifaa kitakataa kuwaka na utadhani kimekufa.

Ukiona ngozi ya plastiki ya betri imechanika, iache usiirudishe. Hiyo si kazi ya fundi mbao.

Vifaa ambavyo betri haitoki tunavifuta kwa kitambaa kikavu na nta tu. Maji, spiriti na msasa wa maji hapana.

12. Juisi imevuja, pamezunguka doa jeusi chini ya tangi.

Juisi hiyo ni gliserini na propileni glikoli, mara nyingi pamoja na nikotini. Propileni glikoli inalainisha baadhi ya rangi na vanishi, ndiyo maana doa linaanzia pale pale na linanata. Vaa glavu, maana nikotini inapita kwenye ngozi. Futa kwa kitambaa chenye unyevu mara kadhaa; vyote viwili vinayeyuka kwenye maji, kwa hiyo tina haihitajiki. Acha ikauke siku mbili. Palipolainika pasugue kwa 400 na uongeze tabaka la kile kile ulichokigundua kwenye swali la 2.

Usiongeze unene karibu na kifuniko cha betri na kitufe. Nafasi iliyopo hapo ni kama ya karatasi, na tabaka mbili za vanishi zinatosha kitufe kikwame kikiwa kimebonyezwa. Hapo ndipo urembo unageuka hatari.

13. Mafuta hayaingii kabisa, yanateleza juu.

Basi una mbao iliyoshibishwa plastiki. Kiwandani kipande kinawekwa kwenye chombo, hewa inanyonywa, matundu ya mbao yanajazwa resini, kisha kinaokwa mpaka resini igande. Rangi zake mara nyingi zinakusaliti: ni nadra sana mti kuwa na nyuzi za bluu. Hiyo usiipake kitu. Ing'arishe kama plastiki, kwa msasa wa maji 1000, 2000, kisha dawa ya kung'arishia taa za gari.

14. Na kipande cha mdomoni kama ni cha mbao?

Kiache kitupu, au nta safi ya nyuki isiyo na tapentaini. Hakuna vanishi wala linsidi ya dawa hapo.

## Kiko na bakora

15. Kiko changu kimepauka. Nipake vanishi?

Usipake. Bakuli la kiko linapata joto kila siku, na vanishi iliyofunika mbao yenye joto na unyevu inavimba mapovu. Viko vingi vya dukani vimechongwa kutoka kwenye nundu la mizizi ya kichaka cha nchi za Mediterania, mbao inayostahimili moto na inayohitaji kupumua.

Hata nta ya nyuki haifai sana hapa, inalainika mkononi kiko kikipata moto. Wenye viko hutumia nta ya kanauba, inayotoka kwenye majani ya mti fulani wa Brazili wa jamii ya mnazi. Inayeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 80, ndiyo maana inabaki ngumu. Inataka gurudumu la kitambaa kwenye mashine. Huna mashine? Sugua kwa kitambaa kikavu kiko kikiwa na uvuguvugu, dakika kumi. Mafuta ya mkono wako mwenyewe yatafanya yaliyobaki.

16. Shina jeusi la kiko limekuwa la kijani.

Hilo ni raba iliyopikwa na salfa, na mwanga ndio unaoligeuza. Msasa wa maji 600, 1000, 2000, kisha dawa ya meno kwa kitambaa, suuza. Harufu ya yai bovu wakati unasugua ni ya kawaida. Baadaye litunze mbali na dirisha.

17. Babu alikuwa anapaka bakora dawa ya viatu. Niendelee?

Babu hakukosea sana. Dawa ya viatu ni nta na rangi, na bakora ilibaki nyeusi yenye heshima miaka yote. Tatizo ni rangi kuhamia kwenye kiganja na kwenye suti ya Jumapili. Ukitaka kuacha, ondoa tabaka la juu kwa tapentaini na endelea na nta ya swali la 8. Ukitaka bakora ibaki kama ya babu, tumia ile isiyo na rangi. Sehemu ya mshikio iliyosuguliwa na mkono wake usiipige msasa bila kuwauliza wenzako nyumbani. Tumewahi kuletewa bakora na mjukuu, wiki iliyofuata akaja shangazi yake kutuuliza nani aliruhusu.

## Mengine

18. Kuna ufa umetokea kiangazi.

Usiuzibe Agosti. Mbao imesinyaa kwa ukavu, na ufa unaweza kujifunga wenyewe mvua zikianza Novemba au Desemba. Ukiuziba ukiwa wazi kabisa, mbao ikivimba itasukumana na kiraka na kupasua mahali pengine. Ukibaki wazi hata masika, ujaze kwa unga wa mbao ile ile na supa gluu, kisha msasa.

19. Nilisugua kwa stilwaya, sasa kuna vidoa vyeusi.

Mbao yako ina tanini, na vipande vidogo vya chuma vilivyobaki vimekutana na unyevu. Mkaratusi hufanya hivyo, na miwati ya Njombe, ambayo magome yake hukamuliwa tanini ya kutengenezea ngozi, ndiyo mfalme wa jambo hili. Maji ya ndimu hupunguza vidoa vyepesi; asidi ya oksaliki inatoa vilivyokolea, kwa glavu na suuza nzuri. Kabla ya yote ondoa chembe za chuma kwa sumaku, la sivyo vitarudi.

20. Ni kazi gani mnazikataa?

Vepu ya mwanafunzi, hata akija na hadithi kwamba ni ya mjomba. Kitu chenye betri iliyovimba. Cha tatu tunakikataa nusu tu: kitu ambacho mwenyewe ameshakipaka vitu vinne tofauti kwa wiki moja na anataka kesho kiwe tayari. Hicho tunakipokea, lakini kinakaa kwenye trei ya dirishani wiki mbili bila kuguswa, kikauke kwanza tujue tunashughulika na nini.